Mashimo Manne Niliyoyaficha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama kwenye ardhi ya mawe ya Micheweni na daftari mkononi, najiona msomi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha bara, nimesomea miamba. Mwalimu Juma alikuwa ameacha kufundisha akaanzisha kampuni ndogo ya mawe ya chokaa, yeye na shemeji zake wawili. Alitaka niipime ardhi, nimwandikie ripoti ya kumwonyesha mfanyabiashara mmoja wa Unguja, ambaye angeleta mashine iwapo mawe ni mengi. Na Mwalimu Juma ndiye aliyenifundisha kusoma. Basi hata kabla hatujachimba, nilikuwa nimeshajua nitaandika nini.

Tulichimba mashimo sita. Mawili ya karibu na barabara yalitoa jiwe jeupe, safi, mpaka chini. Manne ya upande wa mashamba jiwe lilikuwa la juu tu, jembamba kama ukoko wa wali. Chini yake udongo mwekundu. Nikajiambia kuwa manne yale tumekosea mahali tu. Nikaandika mawili, na ramani nikaipaka rangi ya jiwe yote, mpaka kwenye shamba la muhogo la Bi Time, jirani yetu mjane.

Mzee Faki, aliyechoma chokaa maisha yake yote na aliyechimba nasi, aliniomba nimsomee ripoti. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Bi Salma, mashimo manne yako wapi?"

Nikamwambia Mwalimu anahitaji matumaini.

"Anahitaji mawe," akasema. "Matumaini anayo tele."

Sikumsikiliza. Ripoti ikaenda, mashine ikaja, na Bi Time akakubali shamba lake lichimbwe kwa kuwa mimi ndiye niliyesema. Muhogo uling'olewa haujakomaa. Siku ya tatu mashine ikafika kwenye udongo mwekundu. Mfanyabiashara alikuja akaangalia, akaichukua mashine yake. Mwalimu Juma hakunikemea. Aliokota donge la udongo akalisugua kiganjani, akaniuliza kama nilikuwa najua.

"Nilijua, Mwalimu," nikasema. Sijapata kutamka neno zito kama lile.

Wiki ile niliandika upya, mashimo yote sita, nikawasomea yeye na Bi Time nyumbani kwa Bi Time. Bi Time alilia, kisha akanipa jembe. Msimu mzima nilimsaidia kurudisha udongo shambani. Mwalimu akabaki na kile kipande kidogo cha barabarani, akachoma chokaa ya kujengea kwa tanuri moja. Hakutajirika, ila aliwasomesha wanawe.

Sasa nawe umepewa ardhi ya kampuni ndogo uipime, na naona wenye kampuni umewapenda. Wapende, mwanangu. Wameacha kazi zao kwa jambo hili, wanastahili huruma. Lakini huruma yako iwe kuwaambia mapema. Andika kila shimo, na lililotoka tupu liandike mwanzo. Usilolijua sema hulijui. Na mwenye shamba umwendee mwenyewe, umweleze kabla muhogo wake haujaguswa. Kampuni kubwa ikipotoshwa itachimba kwengine. Hawa hawana kwengine.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kusema ulichokiona, na kila aliyekuamini asijute kukuamini. Amin.