Mayai ya Magdalena

Harufu ya ndama aliyelowa mvua naijua hata usingizini. Masika moja huko Tumati ng'ombe wetu alizaa mvua ikimwagika, na baba akamwingiza ndama ndani, karibu na moto, nyumba nzima ikanuka manyoya mabichi na moshi. Kuku wakahamishiwa uvunguni mwa kitanda cha mama. Ndama alikufa, simsemi tena, na ng'ombe naye akakauka maziwa. Lakini kuku waliupenda uvungu, wakawa wanataga humo humo, na mimi msichana mwembamba ndiye niliyeingia kwa tumbo kuokota mayai. Shule niliishia darasa la pili, ila uvungu ule niliusoma wote.

Mayai hayo hatukuyala. Yalikuwa ya kuangua, ya kubadilisha na chumvi dukani, na ya mgeni. Mtoto akila yai, watu walisema, atachelewa kuongea, tena atakuwa mwizi. Sisi tulikula ugali na majani, basi. Ndipo mdogo wangu Magdalena akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, akaacha hata kucheza. Mama akambeba mpaka zahanati. Tabibu wa pale, kijana wa Tanga tuliyemwita Daktari, akamwambia, "Mama, ugali unamshibisha, lakini haumjengi. Mwili unataka protini. Maharage mpe, na kila siku vunja yai, lipige, limimine kwenye uji unaochemka huku unakoroga mpaka liive." Akaahidi kuja nyumbani kumwangalia. Mama alirudi anatembea kama amevuliwa mzigo. Baba hakukataa. Alisema tu mayai yakusanywe kwanza.

Yakakusanywa. Siku Daktari alipotokea, nikamwamkia shikamoo, na baba akaita kwa furaha, "Kaanga yote! Mgeni wetu ametoka mbali." Mama akanitazama, nami nikamtazama yeye. Kwetu mgeni kama yule kupewa mboga za majani ilikuwa ni kumtukana. Nikayakaanga kwa siagi ya ng'ombe aliyotupatia jirani, yakavimba, yakanukia mpaka nje, nikayabeba na ugali wa moto. Magdalena alikuwa amekaa kizingitini. Macho yake yakaifuata sahani.

Daktari alimega tonge, akalishika hapo hapo. "Mama, haya si ya mtoto?"

Mama akainama. Baba akacheka. "Kula, Daktari! Kuku hawajafa, mtoto atakula kesho."

"Mzee, tangu nimwambie mama, amekula mangapi?"

Mama akatikisa kichwa: hata moja. Daktari akaisukuma sahani mpaka kwa Magdalena. Uso wa baba ukabadilika. "Unamlisha mwanangu mbele yangu, kama mimi sina mikono? Kama chakula changu kibaya, njia ile pale."

Nilitaka ardhi inimeze. Niliona aibu kwa ajili ya baba, ambaye kwa kweli alidhani anatenda heshima, na kwa ajili ya mama aliyekuwa anakunjakunja kanga yake. Aibu hiyo haijazeeka pamoja nami. Leo mjukuu wangu anaiacha nusu ya yai asubuhi, anasema, "Bibi, nimeyachoka," na mimi nainuka nakwenda kuangalia maharage yasiyohitaji kuangaliwa. Magdalena mwenyewe anafuga kuku huko Haydom, mnene, mwenye maneno mengi kuliko sisi wote. Siku ile aliivuta sahani kwa mikono miwili akala, na baba akageuza uso ukutani, hakumkataza. Tangu hapo mama alivunja yai kwenye uji bila kuomba ruhusa ya mtu.

Lakini Daktari hakuyaona hayo. Alikuwa ameshanawa mkono, akamwambia mama asante, akashika njia ya shambani katikati ya mahindi. Mimi nilisimama nje nikisubiri ageuke, nimwonyeshe kwa kidole kwamba Magdalena anakula. Hakugeuka, na kwetu hakurudi tena.