Mguu Uliobaki na Hisia

Mafundi wenzake walimwita Pima Maji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu sakafu ikishakauka alivua viatu na kutembea juu yake polepole, macho kayakaza dirishani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Hapa pana mgongo," angesema. Ukilaza ubao, kweli mgongo upo, hauzidi unene wa sarafu.

Mguu wa kushoto ulianza kwa kuwaka moto, kisha ukanyamaza kabisa. Alikanyaga msumari akajua tu alipoona damu. Miezi ikapita anatibiwa sukari ambayo hakuwa nayo. Vidole viwili vya mkono wa kulia navyo vilipoingia ganzi, mkewe akamburuta hadi hospitali kubwa.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, akawaeleza. Ajabu ni kwamba hata neva, ile mishipa ya fahamu, hula: zina vijishipa vyake vya damu, vyembamba kuliko uzi. Alishuku kwamba vijishipa hivyo vimevimba na kuziba, na neva zinakufa njaa. Ila dawa zake ni kali, hazitolewi kwa kubahatisha. Sharti akate kipande cha neva karibu na kifundo cha mguu, kikatazamwe kwa darubini.

"Kata huu wa kushoto, si umeshakufa?"

"Baba, huo utatuonyesha makovu tu. Nataka wa kulia, ambao ndiyo kwanza unaugua. Lakini nikikata, ukingo wa nje wa unyayo utabaki na ganzi. Na tusikawie, mkono uko hatarini."

Fundi akaomba wiki mbili. Mdogo wa mkewe alikuwa anamalizia nyumba, na sakafu ya sebule alishamwahidi. Alitaka kuifanya akiwa bado ana unyayo mmoja unaosema kweli.

"Shemeji, mbona unatembea kama bata aliyeshiba?" yule shemeji alimcheka mlangoni.

"Cheka tu. Ukiteleza humu usiniite."

Hakumwambia kwamba anaumwa, wala kwamba hospitali inamngoja. Siku ya kumi na moja, akisugua kona ya mwisho, kiganja cha kulia kikalegea na kuning'inia kama kitambaa kibichi. Mwiko ukaanguka kwenye saruji mbichi.

Neva ikakatwa siku tatu baadaye. Daktari hakuwa amekosea: kuta za vijishipa zilikuwa zimeharibika vibaya. Dawa zikaanza, na ugonjwa ukasimama pale pale ulipofika.

"Na mkono utainuka?" mkewe akauliza.

Daktari akafungua faili, akalifunga tena. "Vidole huenda vikapata nguvu kidogo. Mwiko, sidhani. Tungewahi zile wiki mbili..."

Nje, kwenye benchi la korido, mkewe aliinama kumfunga kamba za viatu.

"Mdogo wangu katuita Jumamosi," akasema bila kuinua uso. "Anaisifia sakafu mtaa mzima."

"Twende. Ila asijue."

"Akiuliza mkono je?"

Fundi akaulaza mkono wake juu ya paja, kwa kuusaidia na ule mwingine.

"Mwambie niliamka tu asubuhi, nikaukuta hivi."