Kichupa cha kaka nilichokitupa chooni

Admin, jina langu lisionekane kabisa, maana ndugu zangu wote wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nauza mitumba hapa Dodoma, naishi Miyuji na mume wangu na watoto watatu.

Kaka yangu mkubwa anaishi kijijini, upande wa Mvumi. Miaka sita iliyopita alianza kujigonga kwenye milango. Mkewe akampeleka hospitali, wakarudi na dawa ya macho ya matone, kichupa chenye kifuniko cha njano. Wifi akawa anamtilia asubuhi na jioni. Mwaka ukapita, kikiisha kimoja anafuata kingine, na kaka haoni nafuu. Mimi na mdomo wangu nikamwambia mama, "Dawa gani hii isiyoponya wala isiyokwisha? Huyu mwanamke anammaliza." Wifi akalia, "Daktari kasema haiponyi, inazuia tu uoni uliobaki usipotee." Nani alimsikiliza? Nilikichukua kile kichupa nikakitupa chooni kwa mkono wangu. Wifi tukamrudisha kwao. Miaka miwili baadaye kaka akawa haoni kabisa, na sisi tukasema sumu ilikuwa imeshaingia.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima macho ili nipate miwani ya kusomea tu. Daktari, kijana mpole, akapima, akarudia. "Mama, una presha ya macho. Haiumi, inakula uoni polepole kuanzia pembeni. Kuna ndugu yako wa damu aliyepofuka?" Nikamwambia, kaka yangu. Akasema ndugu wote wapimwe, na watoto wetu wawe wanapimwa mara kwa mara hata kama wanaona vizuri. Kisha akanipa dawa. Kifuniko cha njano.

Sasa natia dawa nimejifungia bafuni kama mwizi. Na mdogo wangu wa mwisho ameanza kujigonga kwenye milango vilevile. Nikimwambia akapime atauliza kwa nini, na jibu litamfikia kaka siku hiyohiyo.

Jumapili nilimpelekea kaka sukari. Akanishika mkono, "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Bila wewe yule mwanamke angeniua." Nikaitikia, "Amina."

Jamani, nishaurini, nimekwama. Nikisema, kaka atajua aliyempofusha ni mimi. Nikinyamaza, mdogo wangu anafuata. Nimwambie nani kwanza, na naanzaje?