Betri ya Erasto Kwenye Mizani ya Dhahabu

Hapa Nkende ukiulizia betri ya kuchaji ya tochi ya kichwani, hata wachimbaji waliotoka Geita watakuelekeza kwa Kuruthumu, mama Ummy. Mimi Jenipha, muuza vitenge wa mlango wa pili, nimechoka kuulizwa. Sifa zote hizo alizipata kwa mizani. Mumewe, Abdillah, hununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na Kuruthumu huazima mizani yake kupimia kila betri kabla ya kuiuza. Betri feki ni nyepesi. Nyingine zimejazwa unga. Iliyo nyepesi haiuzi, hata ganda lake ling'ae vipi. Wachimbaji wanalipenda sana jambo hilo. Mtu aliyezoea dhahabu yake kupimwa mbele ya macho yake, ukimwekea mizani umemmaliza.

Siku moja Kuruthumu alikwenda kuswali adhuhuri, akamwachia mumewe meza. Akaja Erasto, wakala wa forodha wa Sirari, mtanashati wa kupitiliza, na sigara lake la umeme, lile kubwa linalotoa moshi kama tanuru la matofali. Betri ilikuwa imekufa. Abdillah akachagua moja, akaipima, ikatimia, akamhakikishia kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Erasto akaondoka anapiga mluzi.

Kuruthumu aliporudi na kusimuliwa, sura ilimbadilika. Betri ile ilitolewa kwenye kompyuta ya mkononi iliyoharibika. Kwa tochi inafaa, lakini sigara lile hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, na betri isiyotengenezwa kwa kazi hiyo huchemka na inaweza kulipuka. Na kitu chenyewe kinawekwa mdomoni! Akapiga simu, haikupokelewa.

"Jenipha, funga duka, twende."

Jamani, mimi na safari za ghafla! Tulipanda bodaboda mishikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimeng'ang'ania baibui lake, dereva anakata upepo kuelekea mpakani. Niliogopa, na niseme ukweli, nilikuwa na raha pia.

Tulimkuta Erasto nje ya ofisi yake, madereva wa malori wamemzunguka, anawaonyesha mawingu. Alipotuona akaisifia betri: ina nguvu mpaka mkono unapata joto. Kuruthumu hakusalimia mtu. Alimpokonya lile sigara, akaitoa betri kwa pindo la mtandio, akaiweka mbali kwenye kokoto na kuwasogeza watu nyuma. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeanza kukunjamana. Kicheko cha madereva kikakatika.

Erasto alikuja juu. "Mama Ummy, si ilipimwa? Nimeiona mwenyewe ikitimia."

"Mizani ile ni ya dhahabu, kaka. Dhahabu hailipuki. Betri ya hicho kitu chako inachaguliwa kwa umeme inaoweza kutoa bila kuchemka, na mtengenezaji wa kweli huutaja. Mizani haiuoni. Mimi sina ya namna hiyo, na sitakuuzia nyingine."

Erasto alitazama kokoto, akajipapasa midomo. Kisha akauliza, taratibu sasa, huyo Abdillah aliyemhakikishia ana akili za wapi. Madereva wakaanza kucheka tena.

Kuruthumu hakucheka. Alisema, "Mwacheni mume wangu. Mimi ndiye niliyewazoesha wote kuamini mizani."