Marilisi za Mama

Mama alikufa mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi za pembezoni mwa Kamina zimekwisha kuchomwa na majivu yanadondoka juu ya nguo zilizoanikwa. Kwa mtu wa maua huo ni wakati mbaya wa kufa. Joto linapanda, mawingu ya kwanza yanaanza kujikusanya, na kila kilicholala chini ya udongo kinajiandaa kuamka.

Sisi ni watu wa reli. Baba aliendesha treni mpaka alipostaafu, na nyumba yetu iko kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi, kila moja na barza yake ndogo mbele, zikitazamana na mstari mwingine ng'ambo ya njia ya vumbi. Ukikaa kwenye barza yako unaona wa mbele wanakula nini. Hapo ndipo mama alipopanda maua yake, katika bidoni za mafuta zilizokatwa, mabeseni yaliyotoboka na ndoo za rangi.

Aliyachagua maua kama watu wengine wanavyochagua wakwe. Aliuliza yametoka wapi, yanakunywa kiasi gani, yatavumilia joto la mabati au yataanza kulalamika siku ya pili. Waridi hakulipenda, alisema linataka mtumishi. Mbegu za zinia alizimwaga kando ya ukuta, lakini hakuzimwaga kwa mvua ya kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza hapa kwetu ni ya kudanganya. Inanyesha mara moja, halafu jua linarudi na kuchoma miche yote. Kana, zile zenye majani mapana, alizipanda pale maji ya kuogea yanapotokea. Barza ilikuwa ya marilisi.

Marilisi ni ua lenye tunguu chini ya udongo, kama kitunguu kikubwa. Hapa mjini wengi wanazo nyekundu tupu. Za mama zilikuwa nyeupe, na kila jani la ua lilikuwa na mistari myekundu iliyotoka kooni na kufifia kabla ya kufika ukingoni. Alipewa na mtawa mzee alipokuwa binti, na akahama nazo kila nyumba aliyoishi. Kila mwezi wa sita aliacha kuzimwagilia, akayakata majani yaliponyauka, akazilaza kivulini nyuma ya nyumba. Joto liliporudi alizipanda upya katika udongo mweusi uliochanganywa na mchanga wa mtoni na mavi ya mbuzi yaliyokauka.

Mwaka aliokufa hakuweza kuinama. Nilizipanda mimi, yeye amelala kwenye mkeka barzani, ananiangalia mikono.

"Shingo ibakie inje," aliniambia. "Ukiifunika, itaoza."

Nilifukua na kupanda tena mpaka aliporidhika. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho tuliyoifanya pamoja.

Jirani wa mbele alikuwa rafiki yake. Mumewe aliwahi kufanya kazi na baba, na yeye mwenyewe alikuwa mama mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye bomba la maji. Jioni nyingi alivuka njia akaketi na mama, wakachambua sombe, majani ya muhogo, na kusema watu. Mama alipokufa, yeye alikuwa mmoja wa wanawake waliomuosha. Nilimshukuru kwa hilo nikilia mabegani mwake.

Siku ya mazishi alisema miguu inamuuma, atabaki kuangalia nyumba na vyungu vya wafiwa. Tuliporudi kutoka makaburini sikuangalia barza. Nani anaangalia maua siku hiyo? Niliangalia baada ya watu kutawanyika, nikakuta bidoni zipo, udongo upo, umesawazishwa vizuri kwa kiganja. Niliingiza vidole. Hapakuwa na kitu. Nilizimwaga zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu akili yangu ilikataa. Baba alitoka, akaangalia udongo sakafuni, akarudi ndani bila kuuliza.

Sikumshuku jirani. Niliwashuku watoto wa njiani, mbuzi, hata ndugu zetu waliokuja kwenye kilio.

Mvua zilianza. Asubuhi moja nilifungua simu, nikaona picha aliyoituma jirani kwenye kundi la wamama wa parokia: marilisi nyeupe zenye mistari myekundu, zimesimama kwenye barza yake kama wanakwaya. Wamama walikuwa wamemwagia sifa. Yeye akawajibu kwamba ndugu yake wa Lubumbashi ndiye aliyemtumia, na kwamba za kwanza atazipeleka altareni.

Nilivuka njia hivyo hivyo, na kitenge cha kulalia. Nilimkuta anafagia. Nilimwambia kwa adabu, kwa sababu ni mtu wa umri wa mama, kwamba zile marilisi ni zetu.

Aliegemea fagio lake. Aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma kuliko wizi.

"Mwanangu, kilio kinakusumbua," alisema. "Maua haina na jina. Hizi balinitumia ku Lubumbashi."

Nilirudi kwetu. Baba aliniambia niache, mama amekwisha kwenda, hahitaji maua. Nilimjibu ndiyo, baba. Lakini Jumapili ile, nilipoziona altareni na kumsikia padri akimshukuru mama yule mbele ya watu wote, kitu fulani kilikaa sawa ndani ya kifua changu. Sikulia. Nilijua tu kwamba nitamlipa, na kwamba nina muda.

Baada ya wiki chache nilikwenda kumwona shangazi yangu, dada wa baba, anayelima karibu na Kabongo. Tulikuwa tunapalilia pembeni mwa shamba lake niliposikia harufu ya mnyama aliyekufa. Nilitafuta mzoga. Nilichokikuta ni ua. Lilikuwa limetoka ardhini peke yake, bila hata jani moja, lina umbo la faneli kubwa ya rangi ya zambarau iliyokolea, na katikati limesimamisha kitu kama mchi. Nzi walikuwa wanaingia na kutoka. Nikikwambia lilikuwa baya nitakuwa nasema uongo. Lilikuwa zuri sana, ukiziba pua.

Shangazi alisema ni kiazi cha porini tu, kinachanua mvua zikianza, kinanuka kisha kinanyamaza na kutoa jani. Nilipazungushia mawe mahali pale na palipokuwa na mengine, na shangazi akanicheka.

Kiangazi kilichofuata nilirudi na jembe. Viazi vilikuwa vimelala, vya duara, bapa, vizito, kila kimoja na kidoti cha waridi katikati pale ambapo ua litatokea. Havikuwa na harufu yoyote. Nilijaza mfuko, nikapanda treni nao miguuni, na njia nzima nilijisikia kama mtu anayekwenda harusini.

Nilivipanda kwenye zile bidoni za mama. Nilifanya kazi nzuri: udongo mweusi, mchanga, mavi ya mbuzi. Nilizipaka bidoni rangi nyeupe, nikazipanga ukingoni mwa barza mahali pa kuonekana kutoka ng'ambo. Halafu nikaenda kuteka maji saa ambayo jirani naye huenda.

Sikumsemesha yeye. Nilimwambia mama mwingine kwenye foleni kwamba shangazi yangu amenipa ua ambalo halijawahi kuonekana Kamina, kubwa kuliko kichwa cha mtu, zambarau kama kanzu ya padri wakati wa Kwaresima, na kwamba linachanua mvua ikianza. Kila neno lilikuwa kweli. Jirani alikuwa anasuuza ndoo yake, ndoo iliyokwisha kuwa safi, na akaendelea kuisuuza.

Wakati huo alikuwa amekuwa mkubwa wa wamama wanaopamba kanisa. Mapadri wageni walikuwa wanakuja kwa sikukuu ya parokia, na ilikuwa imekubaliwa kwamba watakula kwenye barza yake, kwa sababu ya maua. Nilijua hilo kama kila mtu alivyojua. Nilijua pia kwamba marilisi za mama hazitamtosha tena, maana wamama walikwisha kuzizoea.

Jumapili iliyofuata hakuja misani. Walisema miguu inamuuma. Niliporudi nyumbani niliingiza vidole viwili tu kwenye bidoni ya kwanza, vikazama bila kugusa kitu. Zote zilikuwa zimefukuliwa, na udongo umesawazishwa kwa kiganja, kama mara ile. Niliingia jikoni, nikapika bukari, ugali wetu, na samaki, nikala vizuri kuliko siku yoyote tangu mama aondoke.

Mvua zilinyesha kwa fujo mwaka ule. Kutoka kwetu nilimwona akiinama kila asubuhi chini ya dirisha la sebule yake na kando ya ngazi ya barza, akitazama machipukizi. Alikuwa amevipanda vile viazi sehemu nzuri kabisa, pale wageni watakapokaa. Yalipanda haraka, marefu, yamefungwa kama miavuli. Siku mbili tatu kabla ya sikukuu aliweka fimbo pembeni yasidondoke. Nilimtakia mvua.

Siku ya sikukuu mawili yalikuwa yamefunguka tangu asubuhi, na mengine yakaendelea kufunguka joto lilipopanda. Tulipotoka misani, harufu ilikuwa imevuka njia. Baba aliinua uso, akanusa, akatazama bidoni zetu tupu, akanitazama mimi. Kisha akaniomba nimtolee kiti chake barzani.

Tuliona yote. Kwanza wamama waliokuwa wanatandika meza walisimama na kuulizana. Mmoja aliingia ndani kutafuta panya aliyekufa, wengine wakapanda juu ya meza kuchungulia darini. Halafu wakasingizia samaki. Jirani alikuwa ameagiza samaki wa kukaushwa kutoka Kinkondja, wanene, wazuri, wamekwisha kupikwa kwa karanga. Nilimwona akiinua sufuria ile kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba. Harufu ikabaki. Mapadri walifika, wakaketi, wakasema asante, wakaanza kula bukari na sombe wakipumua kwa mdomo. Nzi walishuka mezani. Padri mmoja kijana aliinuka polepole kuelekea ngazi, akiwa na leso puani, na akasema kwa Kifaransa kwamba anadhani ni hili ua.

Kila mtu akageuka kutazama. Jirani pia. Halafu akainua macho, akaniona nimekaa.

Alivuka njia mbele ya wageni wote, na wamama wawili nyuma yake. Nilisimama kumpokea, kama inavyotakiwa kwa mkubwa.

"Weye njo ulileta hii kitu kwangu," alisema.

"Minyi sikuletaka kitu kwenu, mama," nilimjibu. "Weye uliitoaka wapi?"

Wamama wale walimtazama, wakisubiri. Mmoja wao akarudia swali langu, bila ubaya, kwa kutaka tu kujua: ulitoa wapi? Jirani alitazama zile bidoni nyeupe zilizokuwa katikati yetu. Wale wamama nao wakazitazama, na nikaona mmoja anaelewa, kisha mwingine. Jirani aligeuka akarudi kwake, na wageni wakaaga mapema, wakisingizia mvua.

Kesho yake mchana nilichukua jembe dogo nikavuka. Mumewe alikuwa amekaa barzani. Alinisalimia, akavuta kiti chake pembeni ili nipate nafasi. Nilifukua marilisi zote, kubwa na vitoto vilivyozaliwa kwake, nikikung'uta udongo wake urudi kwake. Mkewe alitoka akasimama mlangoni. Hakuwa na kicheko.

"Niachie ata moja," alisema.

Nilimaliza beseni la mwisho, nikafunga vyote kwenye kitenge, nikamsalimia mumewe, nikaondoka. Watu wameniuliza baadaye kama sikumwonea huruma. Nilimwona alivyokuwa. Nilimwona pia siku ile anamuosha mama, na nilipoviweka viwili hivyo pamoja, huruma haikuja.

Marilisi zilikasirika kwa kufukuliwa wakati wa mvua, hazikuchanua tena mwaka huo. Zilichanua mwaka uliofuata, na tangu hapo zinazaa sana. Kila kiangazi natenganisha vitoto, navianika kivulini, na nagawa. Anayeomba namfundisha: mchanga mwingi, maji machache, shingo nje. Ninagawa kwa nyumba za upande wetu na za upande wa pili, kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, hata kwa wale ambao najua watazisahau mpaka zikauke. Mvua zikianza, barza zote za mistari hii miwili zinakuwa nyeupe na nyekundu, isipokuwa moja.

Mwaka jana jirani alimtuma binti yake mkubwa na bakuli la samaki wa Kinkondja, limefunikwa kwa kitambaa kilichonyooshwa kwa pasi. Binti aliketi, akaniambia mama yake anazeeka, hatoki sana, anakaa tu barzani kuangalia maua ya watu, na anaomba kitoto kimoja. Aliomba vizuri. Nilipokea samaki, nikamshukuru, nikamuuliza habari za watoto wake. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, kwa hiyo niliingia ndani nikalijazia mbegu za zinia, nikalifunika kwa kitambaa kile kile, nikamsindikiza mpaka katikati ya njia.