Mtungi Uliokatazwa Kutoa Jasho

Baridi ya Garissa si ya kumtisha mtu, lakini sisi tuliiheshimu. Upepo wa hagaa, msimu wetu wa baridi, ukianza kuvuma baada ya mvua kubwa, wazee walijifunika mablanketi saa nne asubuhi na kukohoa kwa makusudi ili waletewe chai. Mama mkwe wangu hakukohoa. Yeye alitandika mkeka uani, akapanga vyetezo vyake vya ubani na mitungi yake, akaanza kuvipaka rangi.

Sikuwahi kuona jambo kama hilo. Ilikuwa bado enzi ya mkoloni, nami nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu, nimetoka kwa wafuga ngamia wa upande wa Wajir. Kwetu vyombo ni vya mti au vya nyuzi zilizosukwa, na mtu mzima akionekana amekaa anachora, watu humuuliza kama ana homa. Mume wangu alikuwa safarini na ng'ombe wa biashara. Tulibaki wawili, mimi na mama yake, nami nilimwita hooyo, yaani mama, kwa sauti ya mtu anayeomba kazi.

Alinifundisha. Udongo mwekundu wa ukingo wa mto tuliusaga, tukauchanganya na maji na gundi ya mgunga. Nyeupe ilikuwa chokaa, nyeusi masizi ya sufuria. Burashi yetu ilikuwa mswaki wa mti, uliotafunwa ncha mpaka ukalainika. Mistari yangu ya kwanza ilikwenda upande.

"Hii ni njia ya ngamia aliyekunywa nini?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba ngamia wetu hanywi mpaka siku ya kumi, ndiyo maana anayumba. Alicheka. Nafikiri siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa bado nilimwogopa.

Sharti lake lilikuwa moja: mtungi wa maji uchorwe shingoni na mabegani tu. "Tumbo liache," alisema. Hakueleza kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani ni uvivu wa uzee, kwamba hataki kuinama.

Mtungi wake mkubwa ulikaa kando ya mlango, juu ya mawe matatu, na ndio uliompa jina mjini. Wanawake waliotoka sokoni walikatiza kwake kwa kisingizio cha salamu, wakanywa kata mbili, wakasahau hata kumsalimu. Mimi nilichokiona ni kwamba mtungi ule unavuja. Kila siku tumbo lake lilikuwa limelowa, na mchanga wa chini yake una unyevu. Kwetu chombo kikidondosha tone moja ni aibu ya mwenye nyumba. Msichana huchunguzwa vyombo vyake kabla ya tabia yake. Nilimwonea huruma hooyo. Nikajiambia macho yake yamechoka, na majirani wanamstahi.

Basi alipokwenda kumtazama dada yake mgonjwa, akakaa huko siku nne, mimi niliumwaga mtungi na kuuanika mpaka ukakauka. Nikayeyusha mafuta ya nundu ya ngamia niliyopewa na mama yangu nilipoolewa, nikaupaka kwa nje kama tunavyopaka vyombo vyetu, mara mbili, nikaufukiza kwa moshi. Kisha nikachanganya udongo mwekundu na mafuta yaliyobaki, nikalipaka tumbo zima, na juu yake mistari myeupe ya kuzunguka, iliyonyooka safari hii. Nikajaza maji. Kesho yake hakukuwa na hata tone. Nilikaa nikiutazama kwa raha ambayo kazi ya mikono yangu haijanipa tena.

Hooyo aliporudi alisimama mlangoni. "Umeuvika kanzu," alisema. Akauzunguka, akaguna, akakubali kwamba mistari imetulia, ila watu wa ngamia ni wakaidi. Alidhani ni rangi yetu ya gundi, ambayo huoshwa kwa maji ikatoka. "Jua likirudi utaiosha," aliniambia. Sikumwambia habari ya mafuta. Ilikuwa baridi, maji yalikuwa baridi hata kwenye sufuria, na sisimizi peke yao ndio waliogundua kitu.

Jua lilirudi kabla sijapata ujasiri. Mchana mmoja walikuja wanawake watatu kutoka Galbet, wametembea kwa miguu, na hooyo alianza kuwasifia maji yake kabla hawajaketi. Wa kwanza alipiga funda moja, akalishikilia mdomoni.

"Abaayo, dada yangu," alisema pole pole, "maji haya yametoka jikoni?"

Hooyo alionja. Akaniangalia mimi, akauangalia mtungi, akapitisha kidole tumboni mwake na kukinusa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nimeyapasha," alisema kwa utulivu. "Nyinyi mna vifua vibovu. Sitaki mnikoholee hapa mpaka Magharibi."

Wakanywa, masikini, na wakamshukuru.

Walipoondoka nilimweleza kila kitu, nikitazama vidole vya miguu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa hauvuji," alisema. "Ulikuwa unatoa jasho. Jasho lile ndilo linalopoza maji." Akaingia kuswali.

Nilichukua shuka, nikafunga nguo zangu. Nilikuwa nimesikia habari za wake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Nililia, na si kwa kumwogopa baba yangu. Nililia kwa sababu sikutaka kumwacha yule mwanamke.

Jua lilipopungua ukali alinikuta nimekaa na bunda langu mapajani.

"Umefunga?"

"Ndiyo, hooyo."

"Fungua. Shuka hiyo tutabebea."

Akatangulia kuelekea mtoni, nami nikamfuata na shuka tupu begani, mpaka kwa wanawake wafinyanzi. Aligongagonga mitungi kwa kidole, akasikiliza, akamwambia mmoja wao kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama, leta mtungi mbili."

Nilimuuliza wa pili ni wa nini.

"Mmoja wa maji," alisema bila kugeuka. "Huu mwingine wako, wa kuharibu."