Kadi Yenye Tundu

Mwaka jana nilipita tena Guangzhou. Usiniulize nilifuata nini. Unanijua, miguu yangu haijawahi kuomba ruhusa. Nilisimamisha teksi pale Huanshi Zhonglu, nikampa dereva kadi ya hoteli iliyotobolewa pembeni. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akacheka, akanirudishia. Alipunga mkono kama mtu anayefuta ubao: hoteli hiyo haipo tena. Nikabaki juani nimeshika kadi yangu.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shule nilikuwa nimeshaiaga. Nikitumwa darasani, naishia bandarini kutazama makontena. Bibi yangu aliuza viatu Kariakoo, na miaka ile kila mwenye duka alikuwa anakimbilia China. Akasema, "Kama ni kuzurura, uzurure nikikuona." Akaniombea pasi, akanikatia tiketi.

Ah, Guangzhou ile! Joto lilikuganda mwilini kama nguo isiyokauka. Asubuhi, mvuke wa maandazi yao ya nyama ulichanganyika na harufu ya gundi ya viatu, na kila ukumbi wa hoteli ulilia kraa, kraa, watu wakivuta selotepu kufunga mizigo. Kazi yangu ilikuwa kukalia boksi lijifunge, Bibi apitishe selotepu.

Kila mgeni alipewa sharti moja: kadi ya hoteli isikutoke. Imeandikwa Kichina, ukipotea, unampa dereva, anakurudisha. Bibi aliiweka yake kwenye kipochi. Lakini mimi nilikuwa na uzi wangu. Kila kadi ya duka niliyoiona niliiomba, nikaitoboa pembe, nikaitunga, halafu nalala nikizitazama zile herufi kama vinyumba na kujiuliza nani anakaa ndani. Ile ya hoteli ilikuwa na picha ya chemchemi ya dhahabu. Asubuhi moja Bibi akiwa anaoga, niliitoa kipochini. Nilidhamiria kuirudisha jioni.

Siku hiyohiyo wakala wa mizigo akatutoa matembezi, kwa kuwa kontena lilikuwa limejaa na wateja wake hawana la kufanya. Basi dogo, watu kumi na wawili: sisi wa Dar, Wakongo watatu wanne, na msichana wa wakala, Mchina aliyejifunza Kiswahili kwa wateja. Alikuwamo pia jirani yetu wa duka, mwanamke mwenye ulimi wa kukata chuma. Tulipelekwa bustanini, kilimani, kuona sanamu ya mbuzi watano.

"Mbuzi wa nyama tumewaacha kwetu," jirani akasema akijifuta jasho, "tumepanda ndege kuja kuwaona wa mawe."

Wote walitazama juu. Bibi alitazama chini, miguu ya watu, kama alivyofanya wiki nzima. Tuliposhuka ngazi na kuingia basini, hayupo.

Msichana akahesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Tukasubiri nusu saa ndani ya basi lililochemka kama sufuria, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

"Petite, mtoto, usilie," Mkongo mmoja mzee akaniambia. "Mama iko na karte. Teksi itamurudisha."

"Yule apotee?" jirani akadakia. "Atafika kabla yetu, atuulize sisi tulipotelea wapi. Dereva, twende bwana, tukauone mto!"

Basi likaondoka. Uzi ulikuwa mfukoni mwangu, nimeukalia. Bibi alikuwa na presha, na vidonge vilikuwa hotelini. Kichina alichokijua kilikuwa "bei gani" na "sitaki". Kwa maneno hayo utanunua soko zima, lakini hutafika kwako. Nilihesabu miti dirishani. Kila mti uliopita ulimwacha Bibi nyuma zaidi.

"Kadi ninayo mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasimama. "Kadi yake ninayo mimi!"

Jirani aligeuka taratibu. "Umesemaje?"

Nikautoa uzi. Kadi zikaning'inia mbele ya watu wote.

"Ewe mtoto! Umemng'oa bibi yako macho!" Akainua mkono, nikafumba macho. Kofi halikuja. Akaichomoa ya hoteli kwenye uzi, akanishika mabega. "Utalia baadaye. Wewe ndiye unayezunguka naye. Mara ya mwisho alikuwa anatazama nini?"

Nikakumbuka. Pale ngazini alipita dada mmoja, amevaa ndara nyekundu zenye ua la ngozi kidoleni. Ndizo Bibi alizozitafuta wiki nzima.

"Viatu," nikasema. "Amefuata viatu."

"Viatu? Masoko ya Liuhua," msichana wa wakala akasema, na dereva akageuza.

Masoko yale yapo karibu na stesheni, mwendo wa miguu kutoka bustanini, ghorofa juu ya ghorofa. Jirani alinikamata kifundo cha mkono, hakuniachia. Soko la kwanza, hayupo. La pili, hayupo. Watu wanasukuma mikokoteni, wanatupigia kelele tupishe, na mimi natazama nyuso badala ya miguu.

Katika soko la tatu tulimkuta ameketi kwenye kigoda, glasi ya maji ya moto mkononi, ndara nyekundu mapajani. Muuzaji alikuwa anamsogezea kikokotoo.

"Mmekuja na nyinyi?" akacheka kwa sauti. "Hizi hapa! Nilisema nitazipata!"

Lakini kipochi kilikuwa wazi miguuni pake, na vyote vilivyokuwamo vimemwagwa sakafuni: tasbihi, leso, risiti, funguo za duka. Aliponishika mkono, wake ulikuwa wa baridi, katika joto lile.

Jirani akanikata jicho, kisha akamnyooshea kadi. "Bibie, uliidondosha ngazini. Nimeiokota mimi."

Bibi akaipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya tundu. Akautazama mfuko wangu, uzi ukichungulia.

"Ahsante, jirani," akasema.

Usiku ule alifunga boksi la mwisho peke yake, akalikalia mwenyewe. Ningependelea fimbo kuliko kuachwa nisimame pembeni. Uwanja wa ndege, tulipokuwa kwenye foleni, aliniwekea kadi kiganjani. "Itunge kwenye uzi wako. Haina kazi tena."

Alirudi China mara nyingi, hakunichukua tena. Siku hizi watu wanatumiana ramani kwenye simu, hakuna anayefunga safari na kikaratasi. Bibi ametangulia mbele ya haki. Jirani naye, kabla sijamshukuru kwa uongo wake.

Teksi ilipokwenda zake, nilirudisha kadi mfukoni, nikaanza kutembea kuelekea Liuhua, nikitazama viatu vya wapita njia.